Umehamia Pipe? Ploti Ndio Inakusoma

Kuna wasee huingia Pipeline na ramani ya keja kutoka TikTok. Taa za blue nyuma ya tivii, zulia ya manyoya, wallpaper ya matofali feki, kamaua ka plastiki juu ya friji. Mtungi? Hakuna hata moja. Maji ikikata Alhamisi, msee anaoga na maji ya chupa kutoka duka.

Mi sina noma na luku ya keja. Ipambe tu. Lakini manze, mwezi wa kwanza weka ganji kwa ploti kabla uiweke kwa ukuta.

Pipe ni maghorofa saba, nane, zimebanana hadi ukiwa kwa balcony unaskia jirani wa ploti ingine akikoroga ugali. Lifti sahau. So kabla uulize rent, uliza floor. Ground ni karibu na maji, lakini jua haifikangi huko, utawasha taa saa sita mchana na token ni ya mfuko yako. Juu kabisa kuna upepo na nguo zinakauka haraka, alafu gesi ya kilo 6 unaipandisha na bega, ngazi kwa ngazi, ukipishana na watoi wakicheza. Mi nikipewa chansi nachukua ya tatu, hapo katikati, na sibadilishi.

Maji nayo ndio kalenda ya ploti. Kila ploti iko na siku zake, na hakuna mahali zimeandikwa. Ukiskia ndoo zikigongana kwa ngazi saa kumi ya usiku, usiulize maswali, amka. Nunua mitungi za lita 20, zile za yellow zilikuwanga za mafuta ya kupika, na kila moja iandike namba ya mlango yako na maka pen. Zote zinafanana, na kwa laini ya mfereji mtungi haina jina ni ya mtaa mzima. Kama huna zako, utangoja msee wa mkokoteni, na huyo bei yake inapanda na floor.

Stima, cheki kabla utoe dipo. Ni mita yako peke yako, ama ni ile ndogo ya landi? Kama ni ya landi, uliza unit anauza ngapi, ju hapo ndio wasee huchomwa polepole. Na kama keja imekaa tupu tangu 2024, nunua token ya soo moja, uiweke caretaker akiwa hapo. Mwaka huo mita zote za token zilifaa kuwekwa namba mpya kabla ya Novemba 24, na ile haikuwekwa haimezi token. Ngori kama hiyo ni afadhali mwenye keja aione kabla uingize kitanda.

Stage ijue vile makanga anaijua. Pale Outering kulikuwa na mall inaitwa Taj. Ikabadilishwa jina ikawa Airgate, Septemba 2018 ikabomolewa, na hadi wa leo makanga anapiga nduru "Taj! Taj!" Ukishuka ukianza kutafuta jengo, kila mtu anajua we ni mgeni.

Alafu caretaker. Wasee humchukulia kama mtu wa kufungua geti, na huyo ndio anajua nani anahama end month, landi akona moods gani leo, na padlock ya kufungia watu rent imewekwa wapi. Msalimie kila siku, hata ukiwa umesota. Sheria ya rent iko, lakini ile ya Rent Restriction inalinda keja za rent haizidi 2,500 kwa mwezi. Nionyeshe bedsita ya hiyo bei Pipe nihamie kesho. Kwa hivyo weka risiti ya dipo, message za M-Pesa usifute, na siku ya kuingia piga picha kila ufa kwa ukuta, hadi ule wa nyuma ya mlango. Siku ya kuhama utaambiwa ni wewe ulipasua.

Duka, chagua moja. Wiki ya kwanza usiombe deni, nunua tu keshi: mkate, unga, mayai mbili. Siku moja shopkeeper atakutolea maziwa kabla ufungue mdomo, na hapo ndio account yako imefunguliwa.

Lakini news yote ya ploti iko kwa mathe wa mboga. Anakata sukuma nyembamba kama nyuzi, macho haiko kwa kisu, iko kwako.

"Kijana, si wewe ndio umeingia kwa ile nyumba ya huyo jamaa alihama usiku?"

Sai ndio unajua mbona bei ilikuwa poa.

"Aliniachia deni ya soo tatu," anasema, akifunga sukuma, akikuangalia ka mtu amerithi keja na madeni yake.

Hiyo usilipe. Lakini ongeza nyanya za chwani.