Redio Isiyo na Adabu

Juma hili nawaomba tuzungumze juu ya kitu kidogo kilichomo katika redio nyingi: kile kitufe cha kuzungusha cha kuongeza na kupunguza sauti.

Sisi wa Majengo, hapa Dodoma, wengi wetu tumepanga vyumba. Ukuta wangu ndio ukuta wa jirani. Usiku mmoja wa kiangazi nilikuwa nasikiliza muziki kwa spika zangu sita, nikashika kitufe ili nipunguze. Spika ya kushoto ikatii. Ya kulia ikakoroma, ikanyamaza, kisha ikalipuka kwa sauti kubwa. Chumba cha pili alilala bibi mgonjwa, ndiyo kwanza amepata usingizi. Asubuhi nilikwenda kumwomba radhi. Akanijibu, "Mjukuu wangu, redio yako haina adabu."

Kwa nini redio ikose adabu? Ndani ya kitufe cha kawaida mna utepe wa kaboni, na kidole cha chuma kinachotambaa juu yake. Kidole kikisogea, upinzani wa umeme hubadilika, na sauti hupanda au kushuka. Kiangazi chetu ni kirefu, na vumbi huingia kila mahali. Likitua juu ya utepe, kidole hukosa mguso. Hapo ndipo mkoromo unapozaliwa. Tena kitufe cha spika nyingi huwa na tepe kadhaa kwenye mhimili mmoja, na ni shida kuzilinganisha: mmoja hutangulia, mwingine huchelewa.

Dawa ni kuiachia hesabu kazi hiyo. Chukueni mfano wa mizani ya mawe. Muuzaji mwenye mawe ya kilo 1, 2, 4, 8, 16 na 32 aweza kupima kilo yoyote kamili kuanzia 1 hadi 63. Akitaka 37, huweka 32, 4 na 1. Vivyo hivyo twaweza kupanga rezista na swichi za sumaku, yaani rilei, zipunguze sauti kwa desibeli 1, 2, 4 na kuendelea. Desibeli ni kipimo kinachofuata tabia ya sikio: ukipunguza 6, volti hubaki karibu nusu, ukipunguza 60, hubaki sehemu moja ya elfu.

Lakini spika sita, kila moja na rilei sita, ni rilei 36! Kwa hiyo nilichagua chipu moja iitwayo PT2258. Ina njia sita ndani yake, na hupunguza desibeli moja moja hadi 79. Hupokea amri kwa nyaya mbili kutoka kompyuta ndogo ya Arduino, aina iliyoanzia Ivrea, Italia, mwaka 2005. Kitufe bado kipo, ila muziki haupiti ndani yake. Kinahesabu hatua tu. Spika ya nyuma, iliyo karibu na kiti changu, nimeipunguzia desibeli 4 zaidi. Nikizungusha, zote sita hushuka pamoja, na tofauti ile inabaki palepale.

Wanaotaka kujaribu nawausia mambo matatu. Kwanza, programu ianze na ukimya, ili umeme ukikatika na kurudi saa nane za usiku redio isiamke ikipiga kelele. Pili, wekeni kikomo cha juu, ili hata kitufe kikikosea kuhesabu, sauti isivuke hapo. Tatu, chipu ikae kabla ya amplifaya, ambako ishara ya muziki ni ndogo. Kamwe isiwekwe kati ya amplifaya na spika, itaungua. Na upande wa umeme wa nyumbani mwachieni fundi anayeujua, maana umeme hauna msamaha.

Kazi ilipokwisha nilimwita bibi aje azungushe mwenyewe. Alipeleka kulia, akarudisha kushoto, spika zote zikanyamaza taratibu pamoja. Akacheka. "Sasa imelelewa," alisema.

Ndugu zangu, sauti ya redio hulipiwa na mmoja lakini husikiwa na nyumba nzima. Ukuta hauwezi kutuhifadhia jirani. Tumhifadhi sisi wenyewe. Hadi juma lijalo, kwaherini.