Chai latte ya barafu bila kwenda mkahawani: Siri iko kwenye sufuria yako

Saa nane mchana hapa Kithimani jua halina huruma. Ukishuka kwenye matatu kando ya barabara ya Thika kuelekea Garissa, joto na vumbi vinakupokea kabla ya mwenyeji wako. Kila mtu anatafuta kivuli, na kikombe cha chai moto ndicho kitu cha mwisho unachotaka kuwekewa mbele.

Lakini joto halimalizi hamu ya chai. Ndiyo maana ile chai latte ya barafu inayouzwa kwa glasi ndefu kwenye mikahawa ya Nairobi na Thika imewateka vijana wengi. Shida ni bei. Glasi moja inakutoa mamia ya shilingi, na hapo bado hujahesabu nauli ya kwenda na kurudi. Kwa doo hizo hizo, dukani kwenu unapata majani chai, maziwa na tangawizi, unakunywa siku kadhaa na mabeste waliokuja kudoea wanapata pia.

Habari njema ni kwamba huhitaji mashine yoyote. Ukiwa na sufuria, chujio na chupa yenye kifuniko, kazi imeisha. Ila kuna kitu kimoja ambacho ukikipuuza, kinywaji chako kitakupeleka hospitali badala ya kukuburudisha. Tutafika hapo.

KWANI CHAI LATTE NI NINI?

Usitishwe na jina, bana. "Latte" ni neno la Kiitaliano, na maana yake ni maziwa. "Chai" unalijua tangu utotoni. Unganisha hayo mawili upate chai ya maziwa, ile ile inayochemshwa kila asubuhi karibu katika kila boma nchini.

Tofauti iko kwenye viungo na barafu. Viungo ni mtindo uliotoka Bara Hindi, na kwetu si kitu kigeni. Ukienda Mombasa au Lamu, chai ya iliki, tangawizi na mdalasini ni jambo la kawaida. Wamarekani waliipenda sana kuanzia miaka ya 1990, wakaiita chai latte na kuiweka kwenye orodha za mikahawa yao. Kunywa chai ikiwa baridi nako kulipata umaarufu mkubwa huko Marekani baada ya maonyesho ya kimataifa ya St. Louis mwaka wa 1904.

Mwaka mmoja kabla ya maonyesho hayo, 1903, miche ya kwanza ya chai ilikuwa imepandwa Limuru. Leo Kenya ni miongoni mwa nchi zinazouza chai nyeusi kwa wingi zaidi duniani, na sehemu kubwa ya chai hiyo hupitia mnada wa Mombasa. Nyingi huondoka ikiwa kwenye magunia, kisha huchanganywa na chai za nchi nyingine na kuuzwa kwa majina ya kampuni za ng'ambo. Kwa hivyo ukinunua mkebe wa unga wa chai latte kutoka nje, huenda unalipia majani yaliyochumwa Kericho, yakasafiri baharini, yakarudi yakiwa na jina jipya na sukari nyingi.

Majani ya dukani kwetu pia yana faida yake. Mengi hutengenezwa kwa njia inayoitwa CTC, ambapo jani husagwa, huchanwa na kukunjwa hadi likawa punje ndogo. Punje hizo hutoa rangi na ladha haraka. Kwa kinywaji ambacho kitamiminiwa maziwa na barafu, nguvu hiyo ndiyo unayoitaka.

MAMBO MATATU YANAYOHARIBU

Kosa la kwanza ni kuchukua chai ya kawaida na kuitupia barafu. Barafu ikiyeyuka, unabaki na maji yenye rangi. Dawa yake ni kutengeneza chai nzito, yenye nguvu mara mbili ya kawaida. Ongeza majani, usiongeze muda wa kuchemsha. Majani yakikaa motoni muda mrefu huleta ukakasi ule unaokausha ulimi.

Kosa la pili ni kuweka sukari mwishoni. Sukari huyeyuka polepole sana kwenye kitu baridi, kwa hivyo itazama chini ya glasi na kukaa hapo. Tena ulimi hauhisi utamu vizuri kitu kikiwa baridi, na hapo ndipo mtu huongeza vijiko bila kuhesabu. Weka sukari chai ikiwa moto, na upime. Shirika la Afya Duniani linasema ni vyema zaidi sukari ya kuongezwa isizidi takriban gramu 25 kwa siku, yaani kama vijiko sita vya chai.

Kosa la tatu linawashangaza wengi: maziwa kukatika. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachovunja protini ya maziwa, na ukivikutanisha viwili hivyo mapema maziwa yanaweza kuwa madonge. Moto hukiua kimeng'enya hicho. Kwa hivyo tangawizi ichemke kwanza ndani ya maji, na maziwa yaje baadaye kabisa.

VINAVYOHITAJIKA (GLASI NNE)

Maji vikombe 2 (nusu lita)
Majani chai vijiko 5 vya chai
Tangawizi kipande cha ukubwa wa kidole gumba
Iliki punje 6
Mdalasini kijiti 1
Karafuu 3
Pilipili manga punje 4
Sukari vijiko vikubwa 3, au pungufu
Maziwa vikombe 2, yaliyochemshwa na kupozwa
Barafu ya kutosha

Ukiwa umesota, tangawizi na iliki peke yake zinatosha.

JINSI YA KUANDAA

1. Osha tangawizi, kisha iponde pamoja na iliki, karafuu na pilipili manga. Usisage hadi ikawa unga, vunja tu ili harufu itoke.

2. Weka viungo na maji kwenye sufuria, funika, na uchemshe kwa moto mdogo dakika 10.

3. Zima moto. Tia majani chai, koroga mara moja, funika na uache dakika 5.

4. Chuja, kisha koroga sukari hadi iyeyuke yote.

5. Poza haraka kwa kuweka sufuria ndani ya beseni la maji baridi. Usishangae chai ikianza kuwa na ukungu inapopoa. Haijaharibika. Ni viambato vya chai yenyewe vinavyoshikana kwenye baridi, na maziwa yataficha hali hiyo.

6. Jaza glasi barafu. Mimina chai hadi nusu, kisha malizia kwa maziwa.

Unataka lile povu la mkahawani? Tia maziwa baridi kwenye chupa safi ya jemu hadi nusu, funga kifuniko sawasawa, na utikise kwa nguvu kwa nusu dakika. Mimina juu ya chai. Hapo sasa unaweza kupiga picha.

Chai hiyo nzito, bila maziwa, hukaa kwenye friji hadi siku tatu. Ipike Ijumaa jioni na wikendi yako imepangika.

HUNA FRIJI?

Mtungi wa udongo bado unafanya kazi. Maji hupenya kidogo kwenye udongo na kukauka kwa nje, na yanapokauka huondoka na joto. Hewa ikiwa kavu, kama inavyokuwa sehemu nyingi za Yatta wakati wa kiangazi, mtungi hupoza vizuri zaidi. Ukikosa mtungi, zungushia chupa ya chai kitambaa kibichi na uiweke kivulini mahali penye upepo. Haitakuwa baridi kama barafu, lakini itakuwa poa.

Kwa maziwa, nunua pakiti ndogo ya yale yanayokaa muda mrefu bila friji, na uifungue wakati wa kunywa tu. Mtungi haupozi vya kutosha kuhifadhi maziwa.

BARAFU NDIYO INAYOAMUA

Sasa tuje kwenye lile jambo. Wengi wanaamini kwamba maji yakiganda, viini hufa. Si kweli. Kuganda hakuui viini vyote vya magonjwa, vingine hulala tu vikisubiri barafu iyeyuke kwenye glasi yako. Kipindupindu na homa ya matumbo vinaweza kukujia kwa njia hiyo. Chai yenyewe ilichemka, viungo vilichemka, halafu kipande kimoja cha barafu chafu kikaharibu kila kitu.

Eneo letu lina historia ndefu ya kuhangaikia maji. Mfereji wa Yatta, unaotoa maji Mto Thika, ulichimbwa miaka ya 1950 wakati wa hali ya hatari kwa jasho la wafungwa wa vita vya ukombozi. Maji ya mfereji ni uhai wa mashamba. Lakini maji yoyote yanayopita wazi, mbele ya mifugo na mashamba, hayafai kugandishwa hivi hivi. Vivyo hivyo kwa maji ya jerikeni ambayo hujui yalikotekwa.

Chemsha maji hadi yatokote kabisa, yafunike yakipoa, kisha yagandishe kwenye chombo safi. Ukinunua barafu dukani, muulize mwenye duka bila aibu: haya ni maji gani? Akijiumauma, kunywa chai yako bila barafu.

Maziwa nayo yana sheria zake. Yale ya kupimiwa yachemshe kwanza, kwa kuwa maziwa mabichi yanaweza kukuletea homa ya bruselosi. Chochote chenye maziwa kisikae nje ya friji zaidi ya saa mbili, na joto likizidi nyuzi 32, saa moja inatosha. Ile glasi uliyoiacha mezani tangu asubuhi, mwaga tu.

INAWEZA KUWA HASLA?

Inaweza. Wasafiri wanapita barabarani mchana kutwa na kiu haiishi. Lakini kabla ya kuota, chukua kalamu. Andika bei ya majani, maziwa, sukari, viungo, barafu, gesi na vikombe, kisha gawanya kwa idadi ya glasi ulizopata. Ukishajua glasi moja inakugharimu ngapi, ndipo uweke bei ambayo mwenzako wa mtaani anaweza kulipa bila kulia.

Kumbuka pia kwamba anayeuza chakula au kinywaji anatakiwa kupimwa afya na kupata cheti, pamoja na leseni ya biashara kutoka kaunti. Usilione kama usumbufu tu. Mteja mmoja akiumwa tumbo kwa sababu ya barafu yako, kesho mtaa mzima utakuwa unajua.

Na wewe mwenyewe, inywe kwa akili. Chai hupunguza kiasi cha madini ya chuma ambacho mwili hupata kutoka kwa mboga na maharagwe, kwa hivyo iache ikae mbali kidogo na mlo, hasa kama daktari amekuambia una upungufu wa damu. Usiku pia ipumzishe, maana kafeini haijali kama kinywaji ni moto au baridi. Utakesha ukihesabu mabati.

Anza na glasi mbili kwanza, moja yako na moja ya yule anayekosoa kila unachopika. Akiomba nyingine, jua umeiweza.