Ukuta wa kivulini nao waweza kupendeza

WENGI wetu tukihamia nyumba yenye ua mdogo, hukimbilia miche ya bogenvilia inayouzwa kando ya barabara. Miezi sita baadaye ukuta ungali mtupu, na mche umerefuka kama ufito bila hata ua moja. Je, muuzaji alikudanganya? La. Bogenvilia hupenda jua, nawe uliipanda kivulini.

Kabla ya kutoa pesa, chunguza ukuta wenyewe. Utazame saa tatu asubuhi, saa sita na saa tisa. Hapa Nairobi, jua la adhuhuri huwa upande wa kusini kuanzia mwishoni mwa Septemba hadi katikati ya Machi, kisha huhamia kaskazini. Kwa hiyo ukuta unaotazama kusini ndio hukosa jua wakati wa baridi ya Juni na Julai.

Ukuta ukipata jua la asubuhi kwa muda wa saa tatu hivi, jaribu asumini. Usipopata kabisa, chagua mimea inayovumilia kivuli.

Mmoja ni Ficus pumila, wenye majani madogo. Hujishikiza ukutani kwa vijizizi vyake, hivyo hauhitaji waya. Lakini usiupande kwenye plasta inayobambuka, wala kwenye nyumba ya kupanga bila idhini ya mwenyewe, kwani ukiung'oa hutoka na rangi.

Wa pili ni Cissus rotundifolia, mwenyeji wa Afrika Mashariki, wenye majani mazito ya mviringo. Huu hupanda kwa vikono, kwa hivyo upigilie misumari na ufunge waya.

Kuna pia pothosi, ule mmea ambao wengi huutia katika chupa ya maji sebuleni, na monstera ya majani mapana. Wazazi wenye watoto wadogo wajihadhari: majani ya mimea hii miwili yakitafunwa huwasha na kuchoma mdomo.

Panda mvua inapoanza. Chimba shimo sentimita 40 hivi kutoka ukutani, maana udongo ulio chini ya ukingo wa paa haupati mvua vizuri. Tia samadi iliyooza, kisha uinamishe mche kuelekea ukutani. Kabla ya kumwagilia, chomeka kidole udongoni. Kivulini maji hukawia kukauka, na mizizi huoza.

Na ikiwa moyo wako ungali kwa bogenvilia, ipande langoni, jua linakopiga mchana kutwa.