Kumrudisha Samaki Ziwani Akiwa Mzima

Ndoana haichagui umri wa samaki. Mvuvi wa Ziwa Victoria huitega kwa ajili ya sangara mkubwa, naye mdogo akapita akaimeza. Kanuni za Uvuvi za Tanzania za mwaka 2009 zilikataza kuvua sangara aliye chini ya urefu wa sentimita 50, na sato aliye chini ya sentimita 25. Asiyetimiza kipimo hana budi kurudishwa majini. Lakini kumrudisha samaki ni jambo moja, na kumrudisha akiwa mzima ni jambo jingine. Samaki anayetupwa ziwani akaenda kufia chini ni hasara mara mbili: leo hakuleta fedha, na kesho hataleta mbegu.

Sangara alipandikizwa katika Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na 1960. Anaweza kufikia uzito wa zaidi ya kilo 100, lakini hukua kwanza ndipo azae. Dume hukomaa akiwa na umbo dogo, na jike huchelewa zaidi. Kwa hiyo sangara mdogo anayeuawa, kwa kawaida, hajazaa hata mara moja.

Ili mwanachama aelewe la kufanya, yafaa kwanza ajue ni kitu gani kinachomwua samaki baada ya kuachiwa. Samaki hupumua kwa matamvua, ambayo ni majani membamba yanayoelea majini. Akitolewa nje, majani hayo hushikamana na pumzi hukatika. Mwili wake umefunikwa na ute unaomkinga na vijidudu na ukungu. Mkono mkavu, gunia au sakafu ya mtumbwi iliyopata jua huufuta ute huo. Samaki aliyepigana na ndoana kwa muda mrefu huchoka mpaka misuli yake hujaa asidi, kama mtu aliyekimbia kupita nguvu zake. Tena, anayevutwa kwa haraka kutoka kilindini hutanuka kibofu chake cha hewa. Tumbo huvimba, na pengine utumbo husukumwa mpaka kinywani. Huyo hata akiachiwa huelea juu, akawa chakula cha ndege.

Hatua za kufuata ni hizi:

Kwanza, kazi ya kumnasua ifanyike samaki akiwa majini, kando ya mtumbwi, kila inapowezekana. Akilazimika kupandishwa, mvuvi alowanishe mikono yake na ubao wa kupimia. Kipimo kizuri cha muda ni pumzi ya mvuvi mwenyewe: azuie pumzi samaki anapotoka majini, na atakapohitaji kuvuta hewa, ajue kwamba samaki naye anaihitaji.

Pili, samaki asishikwe machoni wala matamvuani, wala asining'inizwe kwa mdomo. Ashikwe kwa mikono miwili, mmoja karibu na mkia na wa pili chini ya tumbo, bila kumminya.

Tatu, ndoana iliyonasa mdomoni itolewe kwa koleo, kwa kuirudisha njia ile ile iliyoingilia. Iliyomezwa hadi tumboni isivutwe, kwa kuwa itachana moyo na maini. Uzi ukatwe karibu na kinywa, samaki aachiwe. Wengi huishi na ndoana hiyo, na ndoana ya chuma huliwa na kutu. Ndoana ya duara, ambayo ncha yake imepinda kuelekea ndani, hunasa zaidi pembeni mwa mdomo na hupunguza taabu hii tangu mwanzo.

Nne, samaki aliyechoka ashikwe wima majini, kichwa kikielekea kule maji yanakotoka, mpaka aondoke kwa nguvu zake mwenyewe. Kumrusha kutoka juu humwumiza.

Tano, aliyevimba kwa kutoka kilindini asitobolewe ule utumbo uliotoka kinywani. Njia salama ni kumshusha. Kreti ya plastiki ifungwe mawe kwenye ukingo na kamba kwenye kitako, samaki afunikwe nayo mdomo wa kreti ukiwa chini, kisha ishushwe taratibu. Uzito wa maji hukirudisha kibofu katika hali yake, naye samaki hutoka mwenyewe kwa chini kreti inapovutwa juu.

Mvuvi naye ajilinde. Sangara ana miiba kwenye pezi la mgongo na kwenye kifuniko cha matamvua, gogogo ana miiba migumu ya mapezi, na kamongo huuma kwa nguvu. Samaki anayerukaruka akiwa na ndoana mdomoni huweza kuichomeka mkononi mwa mvuvi. Koleo humlinda samaki na humlinda mvuvi pia.

Wako wanachama watakaouliza: mimi nikimrudisha, je, jirani yangu hatamvua kesho? Swali hilo ni la haki, na mtu mmoja hawezi kulijibu peke yake. Ndiyo sababu ya kuwa na ushirika. Ikiwa mzani wa chama haumpokei samaki mchanga kutoka kwa yeyote, awe mjumbe wa kamati au mwanachama wa kawaida, basi aliyemrudisha hajapunjwa na mwenziwe. Samaki anayetoka damu matamvuani ana matumaini madogo ya kupona, lakini jambo hilo si ruhusa ya kumfikisha mwaloni. Mlango huo ukifunguliwa kidogo, kila samaki mchanga ataletwa kwa jina la majeruhi.

Makatibu wanaombwa kulitia jambo hili katika ajenda ya mkutano wa wanachama. Kila mtumbwi uwe na koleo, na ubao wenye alama mbili, ya sentimita 25 na ya sentimita 50. Chama kinachowanunulia wanachama ndoana kikumbuke kwamba kwa ndoana zitumikazo ziwani, namba inavyopanda ndivyo ndoana inavyokuwa ndogo. Ndoana kubwa hunasa wachanga wachache. Mwisho, idadi ya samaki waliorudishwa na mahali walipovuliwa viandikwe daftarini, kwani mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari likionyesha kwamba mahali fulani hutoa wachanga wengi, kamati itakuwa na ushahidi wa kuwashauri wanachama watege kwingine.