Kava ya kuongeza netiwaki: kabla hujatoa pesa, soma hapa

Kuna kava za simu zinazouzwa mitaani kwetu kwa maneno matamu. Muuzaji anakugeuzia upande wa ndani, anakuonyesha kibandiko cha rangi ya dhahabu na kukwambia kwamba hiyo ni antena ya pili, na ukiivisha simu yako utaongea hata ukiwa ndani kabisa ya nyumba ya mawe. Juzi karibu na Mwembe Tayari nilimsikia mmoja akitaja shilingi 800. Aliyekuwa akihesabu pesa mbele yake ni mama aliyesema anatoka upande wa Kinango, na kwamba kwao simu haishiki mpaka apande kilima. Kwa mtu kama huyo netiwaki ndiyo M-Pesa yake, na ndiyo njia ya kumwita mwenye gari usiku mja mzito anaposhikwa na uchungu. Shilingi 800 pia si pesa ya kutupa. Kwa hivyo swali la kava si la mzaha.

Jibu fupi ni hapana. Jibu refu lina "isipokuwa" moja, na hiyo inafaa kuelezwa kwa sababu ndiyo wauzaji wanayoikimbilia.

Mwezi wa Juni 2010 kampuni ya Apple ilitoa simu ya iPhone 4. Ukingo wake wa chuma unaozunguka simu nzima haukuwa pambo, ulikuwa ndio antena yenyewe. Ulikatwa vipande, kimoja kikishughulikia simu za kawaida na kingine Wi-Fi na Bluetooth. Upande wa kushoto, chini, palikuwa na mwanya mwembamba unaotenganisha vipande hivyo. Sasa mtu akiishika simu kwa mkono wa kushoto kama watu wengi wanavyoshika, kiganja kilikaa pale pale kwenye mwanya na kuviunganisha vipande viwili ambavyo havikupaswa kuunganishwa. Ngozi ya binadamu ina maji na chumvi, na umeme hupita ndani yake. Antena ikawa si ile tena iliyopimwa kiwandani. Aliyekuwa karibu na mlingoti hakuona tofauti, lakini aliyekuwa mahali penye mawimbi dhaifu alikatikiwa na simu.

Mwanzoni Steve Jobs, mkuu wa kampuni, alimjibu mteja mmoja kwamba aepuke kuishika simu namna hiyo. Watu walikasirika, na haki yao. Tarehe 12 Julai shirika la Consumer Reports la Marekani, linalopima bidhaa kwa niaba ya wanunuzi, likatangaza kwamba haliwezi kuipendekeza simu hiyo, na likaonyesha kwamba kipande cha utepe wa gundi juu ya mwanya kinatosha kuondoa tatizo. Siku nne baadaye Jobs akatangaza kwamba kila mnunuzi atapewa kava bure. Mwaka 2012 kesi iliyofunguliwa na wateja huko Marekani iliisha kwa makubaliano ya dola 15 kwa mtu, au kava.

Kwa hivyo ndiyo, kava iliwahi kutibu netiwaki. Lakini tazama ilichofanya. Haikuongeza wimbi hata moja. Ilizuia mkono usiguse chuma, basi. Kama simu yako si ya aina hiyo, hakuna ugonjwa wa kutibiwa. Simu nyingi za leo antena zake zimefichwa ndani, na hata zile zenye ukingo wa chuma zilibuniwa upya baada ya fedheha ile. Kitu kingine kinachonifurahisha katika kisa hiki ni kwamba gharama ya kava ilibebwa na mwenye kosa. Huku kwetu tunaambiwa tuinunue sisi.

Tuje kwenye kile kibandiko cha dhahabu. Simu ni redio ndogo inayopokea na kurusha. Kwenye 4G inarusha kwa nguvu isiyozidi takriban robo ya wati, na mlingoti lazima uisikie. Kuongeza nguvu hiyo kunahitaji umeme na kifaa cha kukuza mawimbi. Kibandiko hakina betri wala hakijaunganishwa na kitu chochote ndani ya simu. Ni kipande cha chuma chembamba kilichokaa tu. Wahandisi wanajua kutengeneza kipande kinachoweza kuelekeza mawimbi kidogo upande fulani, lakini hicho hupimwa kwa milimita na kuwekwa juu ya antena ya simu ya aina moja tu. Kibandiko kimoja cha kutoshea Tecno, Samsung na Infinix zote hakiwezi kuwa na hesabu hiyo.

Kinachowezekana ni kinyume chake. Kava ya plastiki, mpira au ngozi haisumbui mawimbi kwa kiasi cha kukukosesha usingizi. Kava ya chuma inasumbua, na ile ngumu ya nyuzi za kaboni vilevile, kwa kuwa zote hupitisha umeme na kuyazuia mawimbi. Kile kibati ambacho madereva hubandika nyuma ya simu ili ishike kwenye sumaku ya gari, kikikaa juu ya antena, nacho ni kizuizi. Kwa hiyo mtu anaweza kulipa shilingi 800 na kurudi nyumbani na simu iliyo mbaya kuliko ilivyotoka.

Usinisadiki mimi, pima mwenyewe. Acha vile vijiti vya juu ya kioo, kwa sababu kila kampuni huvichora inavyotaka. Apple wenyewe katika sakata lile la 2010 walikiri kwamba hesabu yao ilikuwa ikionyesha vijiti vingi kuliko mawimbi yaliyokuwepo. Kwenye simu nyingi za Android ingia Mipangilio, kisha Kuhusu simu, kisha hali ya SIM, utafute nguvu za mawimbi. Utaona namba yenye alama ya kutoa, ikifuatwa na herufi dBm. Kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo ilivyo bora: -80 ni nzuri, -115 ni taabani. Ikishuka kwa 10, ujue nguvu imebaki sehemu moja ya kumi. Weka simu mezani, soma namba mara kadhaa, vua kava, soma tena. Hakikisha mara zote iko kwenye 4G au mara zote kwenye 2G, maana namba za aina hizo mbili hazilinganishwi. Mwambie muuzaji afanye hivyo mbele yako. Namba itachezacheza kidogo hata bila kava, hiyo ni kawaida. Unachotafuta ni badiliko kubwa linalojirudia.

Kama si kava, basi ni nini? Pwani tuna vizuizi vyetu. Kuta za mawe ya matumbawe za Mji wa Kale ni nene, na mawimbi hudhoofika yakizipenya. Paa la mabati hurudisha mawimbi, makuti huyapitisha. Mzee wa kijijini aliyeezeka makuti anaweza kushika netiwaki ndani kuliko jirani aliyejenga juzi. Sogea dirishani au panda ghorofa ya juu, utaona namba ikibadilika. Wavuvi nao wana lao. Baharini hakuna jengo la kuzuia, ndiyo maana simu hushika mbali, lakini 2G ya kawaida ina kikomo cha kama kilomita 35 kutoka kwenye mlingoti. Kikomo hicho kinatokana na muda ambao wimbi huchukua kusafiri, na hakuna kava ya kufupisha safari hiyo.

Mara nyingine ugonjwa uko ndani ya simu. Iliyowahi kuingia maji ya chumvi, au iliyofunguliwa kubadilishwa kioo na waya wa antena usirudishwe vizuri, itakosa mawimbi mahali ambapo wenzake wanayapata. Kulijua hili ni rahisi: toa laini yako, iweke kwenye simu ya mwenzako mahali pale pale. Ikishika huko, peleka yako kwa fundi, na hizo shilingi 800 zitafaa huko. Ukiwa na shida ya kupiga tu au kutuma pesa kwa menyu ya laini, jaribu kuiweka simu kwenye 2G. Intaneti itakufa, lakini mara nyingi sauti itapita.

Ikikataa kwenye simu zote, tatizo ni mlingoti kuwa mbali, na hapo wa kuulizwa ni mwenye mlingoti. Kampuni za mawasiliano nchini huchangia asilimia 0.5 ya mapato yao kwenye Hazina ya Huduma kwa Wote, iliyo chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, na kazi yake mojawapo ni kupeleka milingoti mahali ambapo kampuni hazioni faida. Kijiji cha Ganze au Tana Delta kisichoshika simu kina haki ya kuuliza zamu yake ni lini. Malalamiko huanza kwa kampuni ya laini yako, na usipojibiwa unakwenda kwa Mamlaka. Andika jina la kijiji, saa, aina ya simu na ile namba ya dBm, kisha mkusanye majirani kumi waandike zao.