Mguu Ukifunguliwa Njia Mpya ya Damu

Upasuaji wa baipasi ya mguu huipa damu njia nyingine ya kupita pale ateri ilipoziba. Daktari hushona ncha moja ya mshipa wa kupandikiza juu ya kizuizi, mara nyingi kwenye kinena, na ncha ya pili chini yake, karibu na goti au hata kifundo cha mguu. Wanaofanyiwa zaidi ni wale ambao mguu huwauma hata wakiwa wamelala, wenye kidonda cha kidole kisichopona, au ambao nyama ya mguu imeanza kufa. Wengi wao ni wavutaji sigara au wana kisukari.

Matokeo hutegemea sana mshipa uliotumika. Tangu daktari Jean Kunlin alipofanya upasuaji huu Paris mwaka 1948, unaopendelewa ni vena ndefu ya mgonjwa mwenyewe, itokayo kifundoni na kupita upande wa ndani wa paja hadi kinena. Vali zake huruhusu damu kupanda tu, kwa hiyo vena hugeuzwa juu chini kabla ya kushonwa, au vali hizo hukatwa. Vena nzuri ikikosekana hutumika mrija wa plastiki, ambao huziba mapema zaidi, hasa ukivuka goti.

Utafiti wa BEST-CLI, uliotangazwa mwaka 2022, ulilinganisha baipasi na kuzibua ateri kwa puto au stenti kwa wagonjwa 1,830. Miongoni mwa wenye vena nzuri, waliofariki, kukatwa mguu au kurudiwa matibabu makubwa ya mguu huo walikuwa asilimia 42.6 upande wa baipasi na 57.4 upande wa puto. Kwa wasio na vena hiyo, tofauti haikuwa ya maana. Mwaka 2023, utafiti mwingine, BASIL-2, ulitoa jibu la kinyume: kati ya wagonjwa 345 wenye ateri zilizoziba chini ya goti, waliofariki au kukatwa mguu walikuwa asilimia 63 kwa baipasi na 53 kwa puto, hasa kwa sababu vifo vilizidi upande wa baipasi. Ndiyo maana daktari hupima kwanza vena, moyo na mahali palipoziba.

Baada ya upasuaji, jeraha la kinena linaweza kuingiwa na vijidudu, na mguu huvimba kwa wiki kadhaa. Pandikizo likiziba ndani ya mwezi wa kwanza, aghalabu kasoro iko kwenye mshono au kwenye vena yenyewe. Hadi mwaka wa pili, tatizo kubwa ni ukuta wake wa ndani kunenepa. Baadaye ni ugonjwa wa awali kuendelea. Kipimo cha ultrasaundi huonyesha panapobana, pakapanuliwa kabla ya kuziba kabisa. Aspirini, dawa za kushusha lehemu na kuacha sigara hulinda pandikizo na moyo pia. Mguu ukipoa ghafla, ukapauka au kufa ganzi, mgonjwa apelekwe hospitali saa hiyohiyo.