Je, Wajua? Mtambo Mpya wa Bunduki Unyooshwe au Uachwe Ulivyo?

Fundi ameletewa mtambo wa bunduki wa bei mbaya, uliotengenezwa kwa oda, bado una mafuta ya kiwandani. Je, aanze kwa kuukereza upya ili unyooke, au afunge mtutu na kuendelea na kazi? Safari hii tunalitafutia swali hilo jibu kuanzia Granville, kitongoji cha magharibi mwa Sydney chenye historia ndefu ya karakana za chuma. Kisha tutapita Lithgow, Rufiji na Mombasa.

Reli ya kwanza iliishia Granville

Je, wajua kwamba reli ya kwanza ya New South Wales, iliyofunguliwa tarehe 26 Septemba 1855, ilitoka Sydney na kuishia mahali panapoitwa Granville leo? Baadaye paliitwa Parramatta Junction. Jina la sasa lilianza kutumika 1880, kwa heshima ya Lord Granville, mwanasiasa wa Uingereza aliyewahi kuwa waziri wa makoloni. Reli ilivuta karakana. Hudson Brothers, watengenezaji wa mabehewa, walihamia eneo hilo katika miaka ya 1880, na mwaka 1898 ikaundwa kampuni ya Clyde Engineering, ambayo kwa miongo mingi ilitengeneza vichwa vya treni hapo hapo.

Boila mpya iligoma kukaa

Kichwa cha treni ya mvuke chenye namba 3801, mashuhuri kuliko vyote Australia, kilitoka katika karakana hiyo ya Granville na kuanza kazi Januari 1943. Mwaka 1970 kilivuka bara zima kutoka Sydney hadi Perth, baada ya reli ya upana mmoja kukamilika kutoka pwani ya mashariki hadi ya magharibi.

Boila yake ilipochoka, mpya iliagizwa kutoka karakana ya Meiningen, Ujerumani, ikafika Australia mwaka 2010. Ilikuwa mpya kabisa, ya kuagizwa, na iliyotoka kwa mafundi wanaosifika duniani. Lakini ilipofika kwenye fremu haikukaa sawasawa. Ikarudishwa Ujerumani kurekebishwa, na mwishowe mpango wa kuitumia ukaachwa. Boila ya zamani ndiyo iliyokarabatiwa, na 3801 ikarudi kubeba abiria mwaka 2021. Upya na bei, basi, si ushahidi kwamba kitu kimenyooka. Ushahidi ni kipimo.

Mtambo ndio kiini cha bunduki

Tukirudi kwenye bunduki: mtambo ni ile sehemu ya chuma inayoshika mtutu kwa mbele, kupokea risasi, na kubeba bolti. Bolti husukumwa mbele na kugeuzwa kama komeo la mlango, na meno yake mawili huingia nyuma ya kingo za chuma ndani ya mtambo. Risasi inapolipuka, meno hayo ndiyo yanayobeba kishindo chote.

Ili bunduki ilenge vizuri, mambo manne yanatakiwa kukaa kwenye mhimili mmoja: tundu la mtutu, hesi zinazoushika mtutu, njia ya bolti, na uso wa bolti unaoegemea kitako cha risasi. Jino moja likigusa na jingine likibaki linaelea, bolti hupinda kidogo kila risasi inapofyatuka. Haipindi kila mara kwa namna ile ile, na shabaha nayo hutawanyika.

Moto ndio unaoupinda

Je, wajua kwamba mtambo unaweza kukerezwa vizuri kabisa, kisha ukapinda ukiwa bado kiwandani? Chuma hutiwa ugumu kwa kupashwa joto kali na kupozwa, na mabadiliko hayo hulivuta umbo lake. Kiwanda kinachotengeneza bunduki kwa maelfu mara nyingi hukereza chuma kikiwa laini, kwa sababu hapo kazi ni rahisi na visu havichakai upesi, kisha hukitia ugumu. Kupinda kidogo kunakotokea baadaye hukubaliwa mradi bunduki iwe salama na ifae kwa uwindaji.

Desturi ya kunyoosha ilikuzwa na bunduki ya kiwandani

Remington Model 700 iliingia sokoni Marekani mwaka 1962. Mwili wa mtambo wake ni wa mviringo, hivyo ni rahisi kuufunga kwenye mashine ya kukereza. Bei yake ilikuwa ya kawaida, nayo ilipatikana kila mahali. Walenga shabaha walioitaka kwa mashindano waliipeleka kwa fundi, naye alifanya kazi zinazojulikana mpaka leo: kuukereza uso wa mbele wa mtambo uwe mraba kwa mhimili, kuzikata upya hesi, kusawazisha kingo ambazo meno ya bolti huegemea, kuyasawazisha meno yenyewe, na kuunyoosha uso wa bolti.

Kazi hiyo ilileta faida ya kweli, na mafundi wengi walijengea jina juu yake. Ndiyo maana hadi leo wapo wanaoamini kwamba kila mtambo, uwe wa nani, lazima upitie mikono yao kwanza.

Mtambo wa oda hutengenezwa kwa mpangilio mwingine

Hapa ndipo jibu linapoanza kuonekana. Watengenezaji wengi wa mitambo ya oda hutia chuma ugumu kwanza, au hukiacha na nyama ya kutosha, kisha hukata vipimo vya mwisho baada ya joto kumaliza kazi yake. Njia ya bolti, hesi na uso wa mbele hukatwa kwa kufuata mhimili mmoja. Sehemu ambazo kisu kinashindwa kuzifikia vizuri hukatwa kwa waya wenye umeme, ambao hausukumi chuma na hivyo haukipindi.

Kwa maneno mengine, kazi aliyokuwa akiifanya fundi wa mtaani kwenye bunduki ya kiwandani imekwisha kulipiwa ndani ya bei ya mtambo wa oda. Kuirudia bila sababu ni kulipa mara mbili.

Mtutu unaokatwa bila kuuona mtambo

Je, wajua kwamba siku hizi unaweza kuagiza mtutu uliokamilika, wenye hesi na chemba (shimo la nyuma linaloshika risasi), bila kumpelekea fundi mtambo wako? Anachohitaji ni jina la mtambo na modeli yake. Biashara hiyo inawezekana kwa sababu moja: mitambo ya mtengenezaji mmoja hutofautiana kwa kiasi kidogo mno. Kama kila mmoja ungekuwa umepinda kivyake, mitutu hiyo isingefunga salama.

Watengenezaji wa bunduki wa Savage walilizunguka tatizo la tofauti hizo mapema zaidi. Model 110 yao ya mwaka 1958 hutumia nati kubwa kwenye mtutu. Mtutu huzungushwa mpaka nafasi ya risasi, kati ya uso wa bolti na chemba, iwe sahihi, kisha nati hukazwa. Badala ya kukata chuma, wao walirekebisha mkao.

Geji mbili, moja ikubali na moja ikatae

Hata mtutu ukinunuliwa tayari, kipimo kimoja hakirukwi. Fundi huingiza geji ya kwanza kwenye chemba, na bolti lazima ifunge. Huingiza ya pili, ndefu kidogo, na bolti lazima ikatae. Kwa risasi ya .308 Winchester tofauti kati ya geji hizo mbili ni takriban elfu 4 za inchi, yaani kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Nafasi ikizidi, ganda la risasi linaweza kupasuka na gesi kali ikarudi upande wa uso wa mpigaji.

Lithgow, na bunduki ya askari wa KAR

Ukifuata reli ya Granville kuelekea magharibi na kuvuka Blue Mountains, unafika Lithgow. Hapo serikali ya Australia ilifungua kiwanda cha silaha ndogo mwaka 1912, kwa mashine za Pratt & Whitney kutoka Hartford, Marekani. Kilitengeneza Lee-Enfield, bunduki ya aina ile ile waliyoibeba askari wa King's African Rifles (KAR) kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland.

Toleo la baadaye la bunduki hiyo, No. 4, lina siri nzuri ya kifundi. Kichwa cha bolti hufunguliwa kwa kuzungushwa, na vilitengenezwa vichwa vya namba 0 hadi 3, kila kimoja kirefu kidogo kuliko kilichotangulia. Nafasi ya risasi ilipozidi, fundi silaha wa jeshi hakuwasha mashine ya kukereza. Alipima, akafungua kichwa kilichomo, akaweka namba inayofuata, akapima tena.

Malkia Victoria alipiga kwa kamba

Mwaka 1860, kwenye ufunguzi wa mashindano ya kulenga shabaha huko Wimbledon, Uingereza, Malkia Victoria alivuta kamba ya hariri iliyofungwa kwenye bunduki ya Joseph Whitworth, ambayo ilikuwa imekazwa kwenye egemeo la chuma. Ilikuwa imeelekezwa kwenye shabaha iliyo yadi 400, na risasi ikapiga chini ya inchi 2 kutoka katikati. Whitworth hakuanza kama mhunzi wa bunduki. Alikuwa bingwa wa mashine na vipimo, ambaye mwaka 1841 alipendekeza hesi za kiwango kimoja kwa Uingereza nzima. Alithibitisha mbele ya umati kwamba usahihi wa shabaha huanzia kwenye meza ya kupimia.

Joto la Sydney huingia kwenye kipimo

Vipimo vya viwandani duniani hurejelea nyuzi joto 20 za Selsiasi. Kuna sababu. Mtambo wa chuma wenye urefu wa milimita 200 hurefuka karibu milimita 0.023 joto likipanda kwa nyuzi 10, na hiyo ni karibu elfu moja ya inchi. Magharibi mwa Sydney hilo si jambo dogo: tarehe 4 Januari 2020 Penrith ilifika nyuzi 48.9. Fundi anayepima mtambo uliotoka kwenye gari lililoanikwa juani anaweza kuona kasoro isiyokuwepo. Kabla ya kuulaumu mtambo, uache upoe pamoja na geji.

Mizinga ya Rufiji katika karakana ya reli

Karakana za reli zenye mafundi stadi hazikuwa Granville peke yake. Meli ya Kijerumani Königsberg ilizamishwa na mabaharia wake katika delta ya Rufiji tarehe 11 Julai 1915, baada ya kushambuliwa na Waingereza. Mizinga yake 10 ya milimita 105 iliopolewa na kufikishwa Dar es Salaam, na mafundi wa karakana ya reli wakaitengenezea magari ya kuikokota nchi kavu. Mizinga iliyotengenezwa kwa ajili ya meli ikapigana porini. Mmojawapo unaonekana mpaka leo Mombasa, karibu na Fort Jesus.

Kilichonyooka leo hakibaki hivyo milele

Asubuhi ya tarehe 18 Januari 1977, treni iliyotoka Mount Victoria kwenda Sydney iliacha njia Granville na kugonga nguzo za daraja la Bold Street. Daraja likaangukia mabehewa. Watu 83 walikufa, na mwaka 2017 mtoto aliyekuwa bado tumboni mwa mama yake akaongezwa kwenye orodha ya kumbukumbu. Uchunguzi ulikuta kwamba reli haikuwa imefungwa imara, ikatanuka, na gurudumu likatoka. Daraja nalo lilikuwa zito kupita kiasi, kwa sababu wakati wa ujenzi liligundulika kuwa chini ya barabara kwa karibu mita moja na likajazwa zege ili lilingane nayo. Ukaguzi wa kwanza hautoshi. Reli, daraja, hata mtambo wa bunduki uliokwisha kufyatua maelfu ya risasi, vyote vinahitaji kurudiwa kupimwa.

Sheria haiangalii ustadi

Tangu mauaji ya Port Arthur ya tarehe 28 Aprili 1996, yaliyoua watu 35, Australia ina sheria kali za silaha. New South Wales ina Sheria ya Silaha ya 1996. Mwenye kutaka bunduki lazima awe na leseni na sababu inayokubalika, na apate kibali kwa kila silaha anayonunua. Kutengeneza au kukarabati bunduki kama biashara kunahitaji leseni yake maalumu. Kwetu vilevile: Kenya ina Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Gobori linalofuliwa kijijini bila leseni ni kosa, hata kama fundi wake ana mkono wa dhahabu.

Jibu kwa ufupi

Mtambo wa kiwandani wa bei ya kawaida mara nyingi hufaidika na kunyooshwa, hasa kama unajengwa kwa mashindano. Mtambo mpya wa oda kutoka kwa mtengenezaji anayeaminika kwa kawaida hauhitaji. Unachohitaji ni kukaguliwa: paka meno ya bolti wino uone kama yote mawili yanagusa, zungusha geji ya saa kwenye hesi na uso wa mbele, kisha tumia geji mbili za chemba.

Kipimo kikionyesha kasoro, mrudishie mtengenezaji kabla hujaugusa, kwa sababu kisu cha kwanza kinaweza kukupotezea dhamana, na kusugua meno huondoa chuma kilichotiwa ugumu na kupanua nafasi ya risasi. Na fundi akikuambia lazima aukereze, mwombe kwanza akuonyeshe namba alizozisoma kwenye geji. Asipokuwa nazo, chukua mtambo wako uende kwa mwingine.